Adabu ya Mgeni Si Kufumba Mdomo

Kiongozi wa nje akifika katika nchi zetu na kusema neno juu ya uchaguzi, rushwa au watu waliowekwa ndani kwa sababu za kisiasa, jibu la serikali huwa limekwisha andaliwa kabla ndege yake haijaondoka. Ameingilia mambo ya ndani. Amekiuka itifaki. Amesahau kwamba yeye ni mgeni. Magazeti hulibeba jibu hilo, wachambuzi wa redio hulirudia, na hata watu wanaojua fika kwamba alichosema mgeni ni kweli hutikisa kichwa na kukiri kwamba ni kweli, ila hakuwa na haki ya kukisema, tena akiwa hapa kwetu. Rai hii haishikiliwi na wapambe wa watawala peke yao. Nimeisoma kwa wanazuoni na kuisikia kwa mabalozi wastaafu, watu wasio na cheo cha kutafuta. Ndiyo maana inastahili kujibiwa kwa uzito wake. Naamini ni rai potofu. Haina mizizi katika adabu zetu, na sheria inayotajwa kila mara kuitetea haisemi inachosemeshwa. Adabu humfunza mgeni namna ya kusema, na kumwamuru anyamaze mbele ya dhuluma ni jambo jingine kabisa.

Tuanze na sheria, kwa kuwa ndiyo ngao ya kwanza kuinuliwa. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1961 kuhusu uhusiano wa kidiplomasia unasema katika ibara ya 41 kwamba wenye kinga za kidiplomasia wana wajibu wa kutoingilia mambo ya ndani ya nchi iliyowapokea. Ibara hiyo inanukuliwa kila siku. Lakini neno linalobeba mzigo wote ni kuingilia, na kuingilia si sawa na kutoa maoni. Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilipoamua kesi ya Nikaragua dhidi ya Marekani mwaka 1986 ilieleza kwamba kinachoufanya uingiliaji kuwa haramu ni shuruti: kuilazimisha nchi, kwa silaha au kwa mbinu nyingine, katika jambo ambalo ina uhuru wa kuliamua yenyewe. Hotuba haimshurutishi mtu. Mkataba huohuo wa Vienna, katika ibara ya 3, unampa balozi kazi ya kuchunguza hali ya nchi kwa njia halali na kuiarifu serikali yake. Yaani ulimtegemea awe na macho na akili tangu mwanzo. Na kwa mwenyeji aliyechoka na mgeni wake, ibara ya 9 imeweka dawa ambayo haihitaji hata maelezo: balozi hutangazwa kuwa mtu asiyetakiwa, akafunga mizigo. Waliouandika mkataba walijua kwamba mabalozi watasema mambo ya kukera, wakampa mwenyeji mlango wa kuwatolea. Zaidi ya hayo, ibara ya 41 inawahusu wanadiplomasia walioidhinishwa kukaa nchini. Rais au waziri mkuu anayekuja kwa ziara ya siku tatu hakutajwa humo, na mipaka yake ni ya heshima na busara, ambazo nitazirudia hapo chini.

Kabla ya kuikumbatia hoja ya mambo ya ndani kana kwamba ni urithi wa mababa wa uhuru, inafaa tukumbuke ilikuwa ngao ya nani. Mwaka 1946 India ilipeleka mbele ya Umoja wa Mataifa malalamiko juu ya namna Wahindi walivyokuwa wakitendewa Afrika Kusini. Serikali ya Jan Smuts ikajibu kwa ibara ya 2(7) ya Hati ya Umoja wa Mataifa: hayo ni mambo ya ndani, hayawahusu. Kwa miaka mingi iliyofuata, kila taifa lililofungua mdomo juu ya ubaguzi wa rangi lilipigwa na fimbo hiyohiyo. Tarehe 3 Februari 1960 Harold Macmillan, waziri mkuu wa Uingereza, alisimama katika Bunge la Cape Town akiwa mgeni rasmi wa wenyeji wake. Aliisifu nchi na kushukuru kwa ukarimu, akasema kwamba hakubaliani na wanaosusia bidhaa zake, kisha akawaambia wabunge weupe usoni kwamba upepo wa mabadiliko unavuma barani na kwamba zipo sera zao ambazo Uingereza haiwezi kuziunga mkono bila kuisaliti imani yake yenyewe. Hendrik Verwoerd, mwenyeji wake, hakuwa ameonyeshwa hotuba hiyo kabla. Aliinuka palepale akajibu. Siku arobaini na saba baadaye polisi waliwaua watu 69 Sharpeville. Mwaka uliofuata, wakati viongozi wa Jumuiya ya Madola wakikutana London, Julius Nyerere, ambaye nchi yake ilikuwa bado haijapata uhuru, aliandika katika gazeti la Observer kwamba kuipigia kura Afrika Kusini ibaki ndani ni kuipigia kura Tanganyika ibaki nje. Afrika Kusini ikaondoka. Anayesema leo kwamba siasa za nchi nyingine hazimhusu mgeni aseme pia, kwa sauti ileile, kwamba Macmillan alikosa adabu na Nyerere aliingilia yasiyomhusu. Sijamsikia hata mmoja anayethubutu.

Najua jibu linalofuata: ubaguzi wa rangi ulikuwa jambo la pekee, dhambi isiyo na mfano, nao usitumiwe kuhalalisha maneno juu ya siasa za kawaida za mataifa huru. Lakini ni nani aliyeamua kwamba damu inayomwagwa na mtawala Mwafrika ni siasa za kawaida? Hati ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) ya mwaka 1963 iliweka msingi wa kutoingiliana, na kwa nchi changa zilizozungukwa na wakoloni waliokuwa bado hawajaondoka, msingi huo ulikuwa na maana. Ukaja kugeuka pazia. Idi Amin alichukua nchi Januari 1971, watu wakaanza kupotea, na OAU ikanyamaza. Mwaka 1975 ikaenda Kampala kufanya mkutano wake mkuu na kumkabidhi Amin uenyekiti. Tanzania, Zambia na Botswana zilikataa kwenda. Serikali ya Tanzania ilieleza waziwazi sababu zake: Afrika haiwezi kupiga kelele Mwafrika anapouawa na mzungu kisha ikae kimya anapouawa na Mwafrika mwenzake. Hayo yalikuwa mambo ya ndani ya Uganda kwa kipimo chochote cha wanaotetea ukimya. Mwaka 1986, Yoweri Museveni alipohudhuria mkutano wa OAU Addis Ababa kwa mara ya kwanza akiwa rais, aliwalaumu wakuu wenzake kwa ukimya huohuo. Aliwaambia kwamba Waganda robo tatu ya milioni walikuwa wameangamia mikononi mwa serikali zilizopaswa kuwalinda, na kwamba waliachwa wajione wamesalitiwa na bara lao. Yalikuwa maneno ya haki kabisa. Januari 2021 balozi wa Marekani Kampala alipojaribu kwenda kumwona mgombea wa upinzani Bobi Wine, aliyezuiwa nyumbani kwake na askari baada ya uchaguzi, msemaji wa serikali ya Museveni yuleyule alimtuhumu kwa kujiingiza katika mambo ya Uganda. Nautaja mgongano huo kwa sababu unaonyesha kanuni ya ukimya inavyofanya kazi: huipinga aliye chini ya kisigino na kuikumbuka aliyevaa kiatu.

Sasa tuje kwenye adabu yenyewe, maana wengi wanaokubali hoja ya sheria hukimbilia hapa. Wanasema utamaduni wetu haumruhusu mgeni kutoa kasoro za nyumba aliyokaribishwa. Utamaduni upi? Waswahili waliosema mgeni njoo, mwenyeji apone hawakuwa wanazungumzia pilau tu. Methali hiyo inakiri kwamba mwenyeji anaweza kuwa anaumwa na asijue, au anajua na ameshindwa kusema, na kwamba jicho lililotoka nje ni sehemu ya tiba. Huyuhuyu mgeni, siku ya tatu, hupewa jembe. Hatarajiwi akae kama pambo sebuleni. Palipo na ugomvi mkubwa kati ya mume na mke au kati ya ndugu wa damu, mila zetu huleta mtu wa nje ya ugomvi ili aseme kile ambacho wa ndani hawawezi kuambiana. Mzee wa ukoo mwingine akikemea kipigo alichokisikia ukutani hatuambii kwamba kamkosea adabu mwenye nyumba. Tunamuuliza yule aliyesikia na akanyamaza. Sifa ya adabu hiyo ni kauli njema, wakati mwafaka, uso kwa uso na kutosengenya. Yote hayo ni masharti ya kusema.

Na bara hili limewahi kuifanya methali hiyo kuwa taasisi. Mwaka 2003 nchi za Afrika zilianzisha Mpango wa Afrika wa Kujitathmini Kiutawala Bora, unaojulikana kwa ufupisho wa APRM, ambapo nchi hujitolea kupimwa na Waafrika wenzake na ripoti kujadiliwa mbele ya wakuu wa nchi. Jopo la watu mashuhuri likaenda Afrika Kusini. Miongoni mwa mambo yaliyoandikwa katika ripoti ya mwaka 2007 ni onyo kwamba chuki dhidi ya wageni kutoka nchi nyingine za Afrika ilikuwa inapanda na ilipaswa kudhibitiwa haraka. Serikali ya Thabo Mbeki ilikataa, ikasema si kweli. Mei 2008 vijana wenye mapanga na viberiti waliingia Alexandra na mitaa mingine ya mabanda. Watu 62 waliuawa, makumi ya maelfu wakakimbia makwao, na karibu theluthi moja ya waliokufa walikuwa raia wa Afrika Kusini wenyewe, waliodhaniwa wageni au waliokutwa njiani. Siwezi kudai kwamba ripoti ingesikilizwa wote wangepona. Ninachodai ni kwamba wageni waliliona jambo ambalo mwenyeji alikataa kuliona, wakalisema kwa adabu zote zinazowezekana, kwa maandishi, kwa mwaliko wake mwenyewe, katika chombo alichosaidia kukianzisha. Kama hata kwa masharti hayo jibu ni kwamba mgeni hajui kitu, basi tatizo halikuwa itifaki.

Pingamizi lenye nguvu zaidi kati ya yote ni lile la faragha. Linasema: mgeni na aseme, ila chemba, kwa sababu mtu akikemewa hadharani hushupaza shingo. Nalikubali nusu. Yapo mambo, hasa ya kuwatoa watu kifungoni au kusimamisha mauaji yanayoendelea saa hiyohiyo, ambayo simu moja ya usiku hufanya kazi kuliko hotuba kumi. Lakini tutazame rekodi ya ushauri wa chemba ulipofanywa kuwa sera. Machi 2002 Zimbabwe ilipiga kura. Mbeki aliwatuma majaji wawili, Sisi Khampepe na Dikgang Moseneke, wakaitazame hali. Ujumbe rasmi wa waangalizi wa Afrika Kusini ulitangaza kwamba uchaguzi ule ulikuwa halali. Majaji waliandika kinyume: kwamba uchaguzi huo haukuweza kuitwa huru na wa haki. Ripoti yao ilifungiwa kabatini hadi Novemba 2014, ilipotoka kwa amri ya mahakama baada ya gazeti moja kushitaki kwa miaka. Wazimbabwe walipigwa, wakafukuzwa, wakavuka mto Limpopo kwa miguu kwa miaka kumi na miwili huku jirani yao mkubwa akiwa na ukweli wao ndani ya bahasha. Aprili 2008, wiki mbili baada ya uchaguzi mwingine ambao matokeo yake ya urais yalikuwa yamezuiwa, Mbeki alipita Harare, akapigwa picha pamoja na Robert Mugabe, akawaambia waandishi kwamba hakuna mgogoro. Wiki zilizofuata zilikuwa za mateso na mauaji, hadi mpinzani wa Mugabe, Morgan Tsvangirai, akajitoa katika duru ya pili na kujihifadhi katika ubalozi wa Uholanzi. Wanaosifu faragha husahau kwamba ziara yenyewe ni hadhara. Mgeni anayeshauri chumbani kisha akatoka nje akitabasamu ameshasema neno mbele ya umma, nalo ni neno la kumtetea mtawala. Picha ile hubandikwa kwenye gazeti la serikali asubuhi, na aliye gerezani huiona.

Barack Obama alifanya kosa hilo Addis Ababa, Julai 2015. Miezi miwili kabla, chama tawala cha Ethiopia na washirika wake walikuwa wametwaa viti vyote vya bunge, bila kubakiza hata kimoja. Akiwa mgeni wa nchi hiyo, Obama aliiita serikali iliyochaguliwa kidemokrasia. Ulikuwa ukarimu wa maneno, na pengine washauri wake waliona ndiyo adabu. Kabla mwaka haujaisha Oromia ililipuka kwa maandamano, mamia ya watu wakapigwa risasi, hali ya hatari ikatangazwa Oktoba 2016, na Februari 2018 waziri mkuu Hailemariam Desalegn akajiuzulu. Sauti laini ya mgeni haikuleta maafa hayo, lakini pia haikumsaidia mwenyeji hata kidogo. Cha kusikitisha ni kwamba siku iliyofuata, katika ukumbi wa Umoja wa Afrika mjini humohumo, Obama alisema vizuri sana juu ya marais wasiotaka kuondoka muda wao ukiisha, akaitaja Burundi, na ukumbi ukampigia makofi. Aliwakosoa wasiokuwa wenyeji wake na kumsifu aliyemkaribisha. Hivyo ndivyo kanuni ya ukimya inavyompotosha hata mtu mwenye ufasaha.

Unafiki, basi. Nyani haoni kundule: Marekani iliyovamia Iraq mwaka 2003, Uingereza yenye kumbukumbu za kambi za Mau Mau, Ufaransa yenye mikono yake Kigali, wao wana uso gani wa kufundisha haki? Swali hilo ni la kweli na wala silipuuzi. Lakini dhambi ya shahidi haifuti jeraha la aliyepigwa. Kama mwizi anaita moto, tunazima moto kwanza. Na dawa ya unafiki wa wakubwa ni wao pia kuambiwa, tena kwao. Juni 1990, miezi minne baada ya kutoka gerezani, Nelson Mandela alikwenda Marekani kuomba vikwazo visiondolewe. Alihitaji kila dola na kila kura ya Bunge lao. Mbele ya kamera za televisheni mjini New York aliulizwa juu ya urafiki wake na Yasser Arafat, Fidel Castro na Muammar Gaddafi, akawajibu wenyeji wake kwamba wanakosea kudhani adui zao lazima wawe adui zake. Siku chache baadaye alihutubia mabunge yao mawili kwa pamoja, nao wakasimama kumshangilia. Mataifa ya Magharibi nayo huumia yakiambiwa. Februari 2025 makamu wa rais wa Marekani, J. D. Vance, alipowaambia Wazungu wa Ulaya mjini Munich kwamba demokrasia yao inajiharibu kutoka ndani, waziri wa ulinzi wa Ujerumani aliyaita maneno hayo yasiyokubalika. Sikubaliani na mengi aliyosema Vance. Lakini kosa lake halikuwa kwamba alikuwa mgeni, na Wajerumani waliomjibu kwa hoja walifanya vyema kuliko waliolalamikia mahali aliposimama.

Maana upo utovu wa adabu wa kweli, na si lazima anayetetea kauli ya mgeni aufumbie macho. Charles de Gaulle alipopanda kwenye roshani ya jumba la jiji la Montreal, tarehe 24 Julai 1967, na kuipigia kelele ya uhuru Quebec kwa kaulimbiu ya wanaotaka kujitenga, hakuwa anaikosoa siasa ya Kanada. Alikuwa amechagua upande katika kuvunjika kwa nchi iliyomwalika. Waziri mkuu Lester Pearson alimwambia hadharani kwamba jambo hilo halikubaliki, na de Gaulle akarudi Paris bila kufika Ottawa. Mwenyeji alikuwa sahihi. Mei 2025, katika ofisi ya rais mjini Washington, mambo yaligeuka: mwenyeji Donald Trump alimzimia taa mgeni wake Cyril Ramaphosa na kumwonyesha video na makaratasi aliyodai yanathibitisha mauaji ya halaiki ya wakulima weupe, na moja ya picha hizo ikabainika kuwa ya Goma, Kongo. Hapo kosa ni uongo. Na Edward Clay, balozi wa Uingereza Nairobi, alipowaambia wafanyabiashara mwaka 2004 kwamba wakubwa wa serikali wanakula kwa ulafi hadi kutapika kwenye viatu vya wafadhili, alisema kweli kwa ulimi mchafu. Kweli yenyewe ilithibitishwa na Mkenya, John Githongo, katibu mkuu aliyekuwa na dhamana ya kupambana na rushwa, aliyelazimika kuachia kazi akiwa London mwanzoni mwa 2005 na baadaye kuweka wazi aliyoyajua kuhusu mikataba ya Anglo Leasing. Lakini Clay aliwapa waliotuhumiwa zawadi kubwa: wakapata nafasi ya kujadili matapishi badala ya mikataba. Namlaumu kwa hilo, kwa sababu adabu ya kauli ina kazi yake. Inamnyima mkosaji pa kujificha.

Uzito wa mkoba nao usisahauliwe. Anayesema huku ameshika fedha za dawa na barabara zako hasemi kwa sauti ya kawaida, na hapo ndipo kauli inaposogea karibu na shuruti. Balozi Smith Hempstone wa Marekani alipohutubia Nairobi Mei 1990 na kudokeza kwamba Bunge la Marekani lingependelea kuzisaidia nchi zinazoheshimu haki na kuruhusu vyama vingi, aliukaribia mpaka huo, na watu wa haki wanaweza kutofautiana kama aliuvuka. Wasichoweza kudai ni kwamba hoja ya vyama vingi ilikuwa yake. Mchungaji Timothy Njoya alikuwa ameihubiri siku ya kwanza ya mwaka huo. Kenneth Matiba na Charles Rubia waliitangaza mwezi huohuo wa Mei, na Julai wakatiwa kizuizini. Hili ndilo linaloniudhi zaidi katika rai ya kutoingiliwa: inawanyang'anya raia sauti yao. Kila anapokamatwa mtu kwa maneno aliyoyatoa rohoni mwake, akisikika mgeni akisema vivyo hivyo, mtu wa nyumbani huitwa kibaraka, kana kwamba Mkenya au Mtanzania hawezi kuuona wizi wa kura mpaka aonyeshwe na mzungu. Na sasa hata mzungu si lazima. Mei 2025 Martha Karua, waziri wa zamani wa sheria wa Kenya, alirudishwa kutoka uwanja wa ndege wa Dar es Salaam, na Willy Mutunga, jaji mkuu mstaafu, akazuiliwa hapohapo. Walikuwa wanakwenda kufuatilia kesi ya Tundu Lissu, kiongozi wa upinzani wa Tanzania. Tarehe 19 mwezi huo Rais Samia Suluhu Hassan aliwaonya wanaharakati wa nchi jirani wasije kuivuruga Tanzania. Uwanja walikozuiwa una jina la Julius Nyerere.

Hapo hoja ya ugeni huanguka yenyewe, kwa sababu Mkenya Dar es Salaam si mgeni wa namna hiyo. Tanzania, Kenya na Uganda zilitia saini mjini Arusha, Novemba 1999, mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, na ibara ya 6 imeweka utawala bora, demokrasia, utawala wa sheria na haki za binadamu kuwa misingi ya jumuiya yenyewe. Jambo uliloahidiana na jirani kwa saini si lako peke yako tena. Waangalizi wa Jumuiya ya Maendeleo ya Kusini mwa Afrika (SADC) walipotoa tamko lao la awali Novemba 2025, baada ya uchaguzi wa Tanzania wa tarehe 29 Oktoba, na kusema kwamba wapiga kura katika maeneo mengi hawakuweza kuonyesha utashi wao wa kidemokrasia, walikuwa wakitimiza kazi waliyopewa na nchi wanachama, Tanzania ikiwemo. Na tusisahau Nairobi, mwanzoni mwa 2008. Zaidi ya Wakenya elfu moja walikuwa wamekufa katika ghasia za baada ya uchaguzi. Kofi Annan, mtu wa Ghana, alikaa wiki kadhaa akiwahoji Wakenya nani ashike madaraka gani, na Jakaya Kikwete, rais wa nchi jirani, akaja akakaa na Rais Mwai Kibaki na mpinzani wake Raila Odinga chumbani mpaka tarehe 28 Februari makubaliano yakatiwa saini. Sijui kuingilia mambo ya ndani kunakozidi huko kuwapangia watu serikali yao. Wakenya waliwashukuru, na wanawashukuru mpaka leo. Kama mgeni anaruhusiwa kuja kuhesabu maiti na kupatanisha waliobaki, ni kwa mantiki gani alikatazwa kusema mwaka mmoja kabla, watu walipokuwa bado hai?

Mwenyeji naye ana haki zake, na ya kwanza ni kujibu. Julai 25, 2015, Ikulu ya Nairobi, Obama aliinua mbele ya waandishi suala la haki za wapenzi wa jinsia moja, akalifananisha na ubaguzi alioujua kwao. Uhuru Kenyatta alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwake. Hakulalamika kwamba itifaki imevunjwa wala hakumkumbusha mgeni kwamba yuko kwa watu. Alisema kwamba yapo wanayokubaliana na yapo wasiyokubaliana, kwamba kwa Wakenya wa leo hilo si suala lililo mbele, akataja yaliyo mbele: afya, barabara, ujasiriamali. Mtu anaweza kumuunga mkono yeyote kati ya wawili hao. Kesho yake mgeni alikwenda Kasarani akazungumza na maelfu ya Wakenya juu ya rushwa, ukabila na wasichana wanaonyimwa shule, mambo ambayo baadhi yake aliyasema Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 2006 akiwa seneta na serikali ya wakati ule ikamjia juu kwa barua na matamko. Safari hii hakuna aliyeitwa kujieleza, na jioni ile ndege yake ikaruka kuelekea Addis Ababa.